Bluetooth ya simu inapogoma: anza na dalili, bisibisi baadaye

Mama mmoja aliniletea simu iliyokwisha kufunguliwa mahali pengine. Mfuniko wa nyuma ulikuwa umebandikwa kwa gundi, skrubu mbili hazipo, na ule waya mwembamba wa antena ulikuwa umechomoka kwenye kishikizo chake. Aliambiwa Bluetooth imeungua. Nilipomuuliza ilianzaje akasema, "Fundi, spika ya nyumbani ilikataa tu kushika." Kumbe spika ilikuwa imeshikwa na simu ya kijana wake aliyekuwa chumba cha pili. Tatizo la dakika moja likazaa tatizo la kweli, naye akalipa mara mbili.

Simu nyingi zinazofika mezani kwangu kwa jina la "Bluetooth mbovu" ni nzima. Bluetooth ni makubaliano ya vifaa viwili. Siku ya kwanza vinapooanishwa, vinatengeneza ufunguo wa siri na kila kimoja kinautunza kwenye kumbukumbu yake. Upande mmoja ukisahau na mwingine ukaendelea kukumbuka, vinakataana. Kifaa kikiwa tayari kina mwenzake, kinajificha. Basi fuata dalili unayoiona, anza na sababu ya kwanza, na usiruke. Majina ya menyu hapa ni ya Android iliyowekwa Kiswahili. Simu yako inaweza kutofautiana kidogo.

Kabla ya dalili yoyote

Chaji vifaa vyote viwili. Betri ikishuka sana, spika inaweza kuwaka taa na bado ikashindwa kushika. Zima vyote kabisa, hesabu hadi 30, washa. Viweke umbali wa mita moja. Wenye iPhone wakumbuke kwamba tangu iOS 11 ya mwaka 2017, kubonyeza alama ya Bluetooth kwenye kile kidirisha cha haraka hakuizimi. Kunakata tu vifaa vingi vilivyounganishwa. Kuizima kweli, ingia kwenye Mipangilio.

Dalili: simu inatafuta, kifaa hakionekani

Sababu ya kwanza, na inaongoza kwa mbali: kifaa kimeshashikwa na simu nyingine. Spika au eapodi (zile za masikioni zisizo na waya) zikiwaka humtafuta yule ziliyemzoea, na zikimpata hazijitangazi tena. Tazama taa. Kwenye spika nyingi taa inayowakawaka haraka maana yake inatafuta mwenza, na taa iliyotulia maana yake imeshampata. Zima Bluetooth kwenye simu zote za nyumbani, na usisahau tableti ya watoto wala runinga, kisha jaribu tena.

Ya pili: kifaa kimewashwa lakini hakijawekwa kwenye hali ya kuoanishwa. Kuwasha ni jambo moja, kujitangaza ni jingine. Kwenye spika, shikilia kitufe chenye alama ya Bluetooth kwa sekunde 5 hadi 10 mpaka taa ibadilike au spika itoe mlio tofauti. Kwenye eapodi nyingi kitufe kiko kwenye kikasha chake. Hali hii hudumu dakika chache tu, kwa hiyo fungua kwanza ukurasa wa "Oanisha kifaa kipya" kwenye simu, halafu ndipo ubonyeze.

Ya tatu inahusu saa za mkononi, na watu wengi hukwama hapa. Saa nyingi za bei nafuu haziunganishwi kupitia Mipangilio. Zinaunganishwa ndani ya programu yake, ile ambayo msimbo wake wa kuskani uko kwenye karatasi ya boksi. Ukishaioanisha kwenye Mipangilio, programu inaweza isiione tena. Iondoe huko, fungua programu, itafutie humo. Na programu hiyo lazima iwe na ruhusa. Kwenye Android 6 hadi 11, programu inayotafuta vifaa ilihitaji ruhusa ya Mahali, na mara nyingi Mahali penyewe pawe pamewashwa. Kuanzia Android 12 ipo ruhusa ya "Vifaa vilivyo karibu". Wengi huikataa kwa hofu ya kufuatiliwa, na hofu hiyo naielewa, lakini bila ruhusa hiyo programu ni kipofu. Ikubali kwa programu ya saa tu. Tochi na kikokotoo hazina haja nayo.

Ya mwisho, kifaa chenyewe hakina chaji ingawa umekichaji usiku kucha. Spika na eapodi nyingi za bei nafuu zenye tundu la C (USB-C) hazichaji kwa waya wenye ncha ya C pande zote mbili. Watengenezaji hubana gharama na kuacha rezista mbili ndogo zinazoiambia chaja "nipe umeme". Tumia waya wenye ule mdomo mpana wa USB upande wa chaja. Spika kadhaa nilizoambiwa zimekufa nimezifufua kwa kubadilisha waya tu.

Dalili: kinaonekana, ukigusa kinakataa

Simu inaandika kwamba imeshindwa kuoanisha, au inaunganisha sekunde moja na kukata. Hapa ndipo ule ufunguo wa siri unapohusika. Pengine spika ilirudishwa kama ilivyotoka kiwandani, au uliinunua mkononi kwa mtu, au simu yako ilifutwa. Upande mmoja una ufunguo wa zamani na mwingine hauna.

Dawa ni kufuta pande zote mbili, na hapo kwenye "zote mbili" ndipo watu wanapokosea. Kwenye simu: Mipangilio, Vifaa vilivyounganishwa, gusa gia iliyo pembeni mwa jina, kisha chagua Sahau. Kwenye kifaa: futa kumbukumbu yake kwa kushikilia kitufe muda mrefu zaidi kuliko wa kuoanisha, mara nyingi sekunde 10 na kuendelea, mpaka taa iwake rangi nyingine au kifaa kijizime. Eapodi zifutie zikiwa ndani ya kikasha. Halafu anza upya kama mlivyokutana mara ya kwanza.

Kikiomba namba, jaribu 0000, kisha 1234. Vifaa vya zamani na printa hutumia hizo. Vifaa vingi vya sasa haviombi namba ya kuandika. Vinaonyesha tarakimu sita pande zote mbili, au vinakuuliza tu kama unakubali. Soma tarakimu hizo. Zikitofautiana, kataa. Na ukiona ombi la kuoanishwa ukiwa kwenye daladala au stendi, na hukuomba wewe, kataa pia bila kusubiri.

Bado inagoma? Ingia Mipangilio, Programu, onyesha programu za mfumo, tafuta Bluetooth, kisha Hifadhi, ufute akiba. Ikishindikana, weka upya mipangilio ya mtandao. Onyo: hatua hiyo inafuta manenosiri yote ya Wi-Fi na vifaa vyote ulivyooanisha. Picha na namba za watu hazifutiki. Kuirudisha simu nzima kiwandani kuwe hatua ya mwisho kabisa, na usiifanye kabla hujajaribu kifaa kile kile na simu ya mtu mwingine. Kikigoma kwa simu mbili, mgonjwa si simu yako.

Dalili: kimeunganishwa, sauti haisikiki

Angalia sauti pande mbili, kwanza ya simu kisha ya kifaa chenyewe. Kisha gusa ile gia tena. Utaona swichi mbili, ya simu za kupigwa na ya sauti ya maudhui. Bluetooth huzibeba kwa njia tofauti, kwa hiyo inawezekana kabisa kuongea na mtu vizuri lakini muziki ukatokea kwenye simu. Washa ya pili. Vilevile, wakati muziki unapiga, gusa alama ya kutoa sauti kwenye kidirisha cha programu ya muziki uone sauti inaelekezwa wapi.

Sauti ikiharibika ghafla na kuwa kama ya redio ya zamani, basi kuna programu imewasha maikrofoni. Simu ya WhatsApp, mchezo wenye maongezi, hata kurekodi ujumbe wa sauti, vyote vinaweza kuihamisha eapodi kwenda njia ya maongezi ambayo ubora wake ni mdogo. Funga programu hiyo na muziki utarudi.

Sauti inachelewa nyuma ya midomo kwenye video? Huo si ubovu. Sauti hukandamizwa, husafirishwa, hufunguliwa, na kazi hiyo hula sehemu ya sekunde. Programu nyingi za video hufidia. Michezo mingi haifidii, na kwa mchezo dawa ni waya.

Dalili: sauti inakatakata

Bluetooth iko kwenye mawimbi ya gigahezi 2.4, mtaa mmoja na Wi-Fi nyingi na oveni za maikrowevu. Ili isigongane nao inarukaruka: Bluetooth ya muziki hugawa eneo hilo njia 79 na kuruka hadi mara 1,600 kwa sekunde. Ustadi huo una mipaka, na kikwazo kikubwa ni mwili wako. Maji hunyonya mawimbi hayo na sisi tumejaa maji. Simu ikiwa mfuko wa nyuma wa kulia na sikio linalopokea likiwa la kushoto, wimbi lazima livuke kiuno na kifua. Hamishia simu mfuko wa mbele, upande wa sikio hilo. Jaribu hilo kabla ya lingine lolote.

Kama haikusaidia, vua kava, hasa lenye chuma au sumaku. Kisha angalia kama simu hiyo hiyo inagawa intaneti kwa hotspoti. Wi-Fi na Bluetooth kwenye simu nyingi hukaa kwenye chipu moja na kushirikiana antena, kwa hiyo zinapokezana zamu. Ibadili hotspoti iende gigahezi 5 kama simu inaruhusu. Kwenye kompyuta mpakato, diski ya nje au flashi ya USB 3 iliyochomekwa karibu humwaga kelele kwenye gigahezi 2.4; ihamishie upande mwingine.

Kama inakata kila baada ya dakika kadhaa na kioo kikiwa kimezimwa, mara nyingi mkosaji ni Kiokoa Betri. Simu nyingi zinazouzwa kwetu hubana sana programu zinazofanya kazi nyuma ya pazia ili betri ikae. Ingia Mipangilio, Programu, chagua ile unayosikilizia, fungua sehemu ya betri, iondolee vizuizi.

Na kama inakata hata simu ikiwa sentimita 20 tu kutoka kwenye spika, huku Wi-Fi nayo ikiwa dhaifu karibu na ruta, acha. Hapo antena imeachia au imekatika, mara nyingi baada ya simu kuanguka au kubadilishwa kioo. Hakuna mpangilio utakaoiponya. Mpelekee fundi, na mwambie dalili zote mbili.

Dalili: eapodi moja hailii

Uchafu. Nasema hivyo kwa uhakika kwa sababu nimezisafisha nyingi. Mwalimu mmoja alikuja na ya kushoto iliyokuwa kimya wiki tatu. Niliigeuza kwenye mwanga nikaona vile vitone viwili vya dhahabu vya kuchajia vimefunikwa na utando wa nta ya masikio uliokauka na kuwa kahawia. Haikuwa inachaji kabisa. Pamba ya kijiti, tone moja la spiriti, kusugua taratibu, na kusafisha pia vile vijichuma vya kuchajia ndani ya kikasha. Baada ya nusu saa ya chaji ikalia.

Usichokonoe wavu wa sauti kwa sindano. Utautoboa, na nyuma yake kuna utando mwembamba kuliko karatasi. Kama wavu umeziba, uelekeze chini na usugue kwa mswaki mkavu.

Kama zote mbili zinachaji lakini moja iko kimya, zimepoteana zenyewe kwa zenyewe. Zisahau kwenye simu, zirudishe kikashani, zifute pamoja, kisha uzitoe kwa wakati mmoja.

Redio ya gari lililotoka Japani

Hii inastahili sehemu yake, maana magari yetu mengi ni hayo, na redio yake inaongea Kijapani.

Kwanza, nyingi hazikubali kuoanisha simu gari likiwa linatembea. Simamisha, vuta breki ya mkono, ndipo menyu ifunguke. Fungua programu ya kutafsiri kwa kamera na uielekeze kwenye kioo. Maneno matatu yatakufikisha mbali: 登録 ni kusajili, 接続 ni kuunganisha, 削除 ni kufuta.

Pili, na hapa wengi hukata tamaa, redio hukumbuka simu chache tu, mara nyingi 5, na nafasi hizo bado zina simu za mwenye gari wa kwanza. Fungua orodha, futa za zamani, sajili yako. Tatu, baadhi ya redio zilitengenezwa kwa simu za kupigwa tu. Zitashika simu yako vizuri na hazitapiga wimbo hata mmoja. Hakuna cha kurekebisha hapo.

Wengi basi hununua kile kifaa cha kuchomeka kwenye tundu la kiwashio cha sigara, kinachopokea Bluetooth na kurusha kwa FM. Kikikataa kusikika, hesabu masafa. FM ya Japani huanzia megahezi 76 na redio nyingi za huko huishia 90. Ya kwetu ni 87.5 hadi 108. Ukikiacha kifaa kwenye 98 redio haitakisikia kamwe. Kiweke kati ya 87.5 na 90, mahali pasipo na kituo.

Onyo zito: usichomoe terminali ya betri ya gari ili "kuistati upya" redio, wala usitoe kadi ya ramani iliyomo. Zipo zinazojifunga zikikosa umeme au kadi, na kuzifungua kunahitaji namba maalum. Kazi hiyo ni ya fundi wa redio za magari.

Dalili: faili haliendi

Kati ya iPhone na Android, faili halitakwenda kwa Bluetooth hata mkae siku nzima. iPhone hairuhusu. Tumieni njia nyingine.

Kati ya Android mbili, anayepokea aweke wazi ukurasa wa Bluetooth, maana ndipo simu yake inapoonekana, halafu avute pazia la arifa akubali. Ombi likikaa bila jibu linakufa na mtumaji anaandikiwa kwamba imeshindikana. Angalia pia kama nafasi imejaa.

Kama ni filamu, achana na Bluetooth. Hata hali ikiwa nzuri kasi yake halisi ni kama megabiti 2 kwa sekunde, kwa hiyo filamu ya megabaiti 700 itakula zaidi ya dakika 40. Quick Share, ambayo kabla ya 2024 kwenye simu nyingi iliitwa Nearby Share, hutumia Bluetooth kutafutana tu, kisha mzigo wenyewe hupita kwa Wi-Fi bila kula bando.

Printa ya risiti dukani

Jina lake likikaa kwenye orodha bila kuandikwa kwamba limeunganishwa, usihangaike. Printa nyingi ndogo za milimita 58 hushika pale tu programu inapotuma risiti. Karatasi ikitoka nyeupe, igeuze: upande mmoja tu ndio wenye dawa, na ukiukwaruza kwa ukucha unaacha alama nyeusi. Kama ilifanya kazi asubuhi na imegoma mchana, muulize msaidizi wako kama simu yake nayo ina ile programu.

Dalili: Bluetooth yenyewe haiwaki

Unasukuma swichi, inarudi. Washa hali ya ndegeni sekunde 30, izime, jaribu. Kisha zima simu na kuiwasha, futa akiba kama nilivyoeleza, na weka sasisho la mfumo kama lipo. Ikiwa ilianza mara baada ya sasisho, weka upya mipangilio ya mtandao.

Halafu washa Wi-Fi. Ikiwaka vizuri, bado kuna matumaini kuwa ni programu. Nayo ikigoma, fungua Kuhusu simu na utazame anwani ya Bluetooth. Ikiandikwa kwamba haipatikani hata baada ya kujaribu kuwasha, chipu inayobeba vyote viwili imekufa au imeachia kwenye bodi. Hapo simama. Usiipashe simu joto wala kuiweka juani kama nilivyosikia watu wakishauriana. Kazi hiyo ni ya hewa ya moto na hadubini, kwa fundi anayefanya bodi kila siku.

Simama pia mara moja kama betri ya simu, spika au kikasha cha eapodi imevimba, mfuniko umeinuka, kifaa kinachoma mkono kikichajiwa, au unasikia harufu tamu ya kemikali. Chomoa chaji, kiweke juu ya sakafu ya saruji mbali na kitanda na pazia, usikitoboe wala kukibana kirudi. Kilicholowa maji nacho kisichajiwe kujaribu kama kiko hai.

Ukienda kwa fundi, beba na kile kifaa kinachogoma, si simu peke yake. Mwambie umeshafanya nini, na mkubaliane bei kabla ya mfuniko kufunguliwa. Akikurudishia, unganisha hapo hapo mezani, piga wimbo, kisha acha simu ilipo na utembee hatua 10 na eapodi masikioni kabla hujalipa. Antena iliyorudishwa vibaya itakata hapo hapo.